Tumbo Lisilofunguka: Uyabisi wa Muda Mrefu katika Njia ya Kale ya Misafara

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, lipo tembe lililogeuzwa makumbusho ya David Livingstone. Mmisionari na tabibu huyo wa Kiskoti alifika hapo Februari 1872 pamoja na Henry Morton Stanley, wakitokea Ujiji, akabaki hadi Agosti mwaka huohuo akiwangojea wapagazi na shehena kutoka pwani. Safari zake zimesimuliwa mara nyingi. Habari za dawa alizozitumia kwa tumbo hazisimuliwi sana, ingawa zinaeleza mengi kuhusu mgonjwa anayefika leo katika zahanati ya Igunga, Nzega au Sikonge akilalamika kwamba choo chake kimefunga tangu mwaka juzi.

Livingstone aliamini kwamba homa haiponi mpaka tumbo lifunguliwe kwanza. Tangu safari zake za mto Zambezi alitengeneza vidonge vilivyochanganya kwinini na dawa tatu za kuendesha: mzizi wa jalapa, mzizi wa rubabu, na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Mgonjwa alipewa vidonge hivyo mpaka tumbo lifunguke na masikio yaanze kuvuma. Leo inajulikana kwamba kwinini ndiyo iliyovumisha masikio, na kwinini hiyohiyo ndiyo iliyopambana na malaria. Zile dawa tatu nyingine hazikumgusa hata kimelea mmoja. Zilimpotezea mgonjwa maji na chumvi za mwili wakati ule alipozihitaji zaidi, na zebaki ni sumu. Hata hivyo sifa zilikwenda kwa mchanganyiko mzima, na baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ikauza vidonge vya namna hiyo vikiwa na jina lake. Yeye mwenyewe aliugua tumbo na kutokwa damu kwa miaka mingi. Alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Mei 1873, na wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Itakuwa si haki kumlaumu Livingstone peke yake. Wazo kwamba tumbo ni chungu kinachojaa taka, na kwamba afya hurejea taka hizo zikitolewa kwa nguvu, lilikuwa la Ulaya yote ya wakati ule. Lilikuwa pia la tiba ya pwani, iliyorithi elimu ya Kiarabu na Kiyunani, pamoja na sanamaki yake, haluli yake ya chumvi, subili na mafuta ya mbarika. Waganga wa bara nao walikuwa na mizizi yao ya kuendesha. Tabora, iliyoitwa Kaze na wageni wa mwanzo kama Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857, ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo, Ujiji na nchi za ziwani. Bidhaa zilikutana hapo, na dawa zilikutana pia. Misafara imekwisha, wazo la kusafisha tumbo limebaki, nalo ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko uyabisi wenyewe.

Uyabisi ni nini, na si nini

Neno uyabisi lina asili ya Kiarabu na maana yake ni ukavu. Lugha imeshika nusu ya jambo. Wapo wagonjwa ambao choo chao ni kikavu na kigumu kama kinyesi cha mbuzi. Wapo wengine ambao choo ni laini kabisa lakini hakitoki: mtu hukaa chooni, hujikamua mpaka jasho limtoke, akainuka akihisi kwamba kilichobaki ni kingi kuliko kilichotoka. Wote wawili wana uyabisi kwa maana ya kitabibu, ingawa wa pili mara nyingi huambiwa hana tatizo kwa sababu huenda chooni kila siku.

Kinyume chake ni kweli vilevile. Watu wengi hufika hospitalini wakiwa na hofu kwa sababu hawapati choo kila siku, na baadhi yao hawana ugonjwa wowote. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwenda haja kubwa mara tatu kwa siku ni kawaida, na mara tatu kwa juma ni kawaida pia, mradi choo kinatoka bila shida. Kanuni kwamba lazima iwe kila asubuhi ni desturi ya majumbani, mwili haukuiandika.

Wataalamu hutumia vigezo vinavyoitwa vya Roma, ambavyo toleo lake la nne lilitoka mwaka 2016. Humtazama mgonjwa kwa dalili sita: kujikamua, choo kigumu au cha vipande vidogovidogo, kuhisi kwamba hakijaisha, kuhisi kwamba kuna kitu kimeziba njiani, kulazimika kujisaidia kwa kidole au kwa kukandamiza kwa mkono, na kwenda chini ya mara tatu kwa juma. Dalili mbili au zaidi, zikijitokeza angalau mara moja katika kila safari nne za chooni kwa miezi mitatu iliyopita, na ikiwa tatizo lilianza si chini ya miezi sita nyuma, basi ni uyabisi wa muda mrefu. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka pamoja na haja huelekeza kwenye tatizo jirani, la utumbo wenye wasiwasi, ambalo tiba yake hufanana kwa sehemu kubwa.

Dalili ya kujisaidia kwa kidole inastahili kutajwa kwa sauti. Hakuna mgonjwa atakayeitaja mwenyewe, hasa mama mtu mzima mbele ya tabibu kijana aliye sawa na mwanawe. Ni lazima aulizwe, na aulizwe kwa lugha ya staha: "Mama, kuna wakati unalazimika kujisaidia kwa mkono ili choo kitoke? Wengi huwatokea." Sentensi hiyo ya mwisho hufungua mlango. Na jibu la ndiyo huwa na thamani kubwa, kwa sababu humwelekeza tabibu kwenye misuli ya nyonga badala ya chakula.

Chanzo kinapotafutwa

Kabla ya kusema kwamba uyabisi hauna chanzo, chanzo kitafutwe kwanza, na mahali pa kuanzia ni mfuko wa dawa wa mgonjwa. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufunga choo. Hali kadhalika tramadoli, kodeini na mofini, amitriptilini, baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama nifedipini na amlodipini, na zaidi verapamili, dawa za kiungulia zenye alumini, dawa nyingi za magonjwa ya akili. Mzee anayetumia dawa tatu kati ya hizo hana haja ya kupimwa mengi kabla ya dawa zenyewe kupitiwa. Mjamzito asiambiwe aache madini ya chuma. Asaidiwe choo huku akiendelea nayo.

Yapo magonjwa pia: kisukari cha muda mrefu, upungufu wa homoni ya tezi la shingo, kalsiamu kupanda katika damu, ugonjwa wa Parkinson, majeraha ya uti wa mgongo. Sonona hufunga tumbo, na tumbo lililofunga huleta sonona. Kutenganisha kilichotangulia si kazi rahisi. Mtoto ambaye hakupata choo katika saa 48 za kwanza za maisha yake, na ambaye tumbo lake limekuwa likivimba tangu hapo, apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa watoto, maana huenda sehemu ya utumbo wake imezaliwa bila mishipa ya fahamu.

Baada ya haya yote, wengi hubaki bila jina la ugonjwa. Vipimo ni safi. Hapo ndipo mgonjwa husikia maneno mawili ambayo hayasaidii: "Huna kitu." Anacho. Utumbo wake una umbo la kawaida lakini kazi yake ina hitilafu, na hitilafu hiyo huwa ya namna tatu zinazoweza kuchanganyika. Kwa baadhi, utumbo mpana husafirisha kinyesi kwa mwendo wa kawaida, lakini mgonjwa anaona taabu. Kwa baadhi, mwendo wenyewe ni wa polepole, choo hukaa ndani siku nyingi na kunyonywa maji yake. Kwa kundi la tatu, choo hufika mlangoni salama, lakini misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo ingepaswa kulegea mtu anaposukuma, hukaza. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa mkono mmoja na kuuvuta kwa mwingine. Wanawake waliopata uzazi mgumu wamo kundi hili, na wamo pia watu waliozoea tangu utotoni kubana haja.

Ugonjwa ambao Mwafrika hakutarajiwa kuwa nao

Ipo sababu nyingine iliyofanya uyabisi usipewe uzito katika nchi hizi, nayo ina heshima ya kisayansi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka ishirini, kwanza Lira na kisha hospitali ya Mulago, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo mpana aliyoyazoea Ulaya yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake. Mwaka 1972, yeye na wenzake, Walker na Painter, walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya mwendo na uzito wa kinyesi vya watu wa mahali mbalimbali. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilichukua kama siku moja na nusu kupita mwilini, na kinyesi chao cha siku kilizidi gramu 400. Kwa Waingereza waliopimwa mwendo ulikuwa wa zaidi ya siku tatu, na uzito kama gramu 100 tu. Burkitt alisema tofauti ni nyuzinyuzi za chakula, na dunia ikamsikiliza.

Kazi yake ilikuwa kubwa na kwa sehemu nyingi ilikuwa sahihi. Lakini imeacha kivuli. Katika mafunzo ya afya uyabisi ulisomeshwa kama ugonjwa wa Wazungu na wa watu wa mjini, na mkulima wa Urambo anayelalamika choo hutazamwa kana kwamba amekosea mlango. Makadirio ya kimataifa huweka uyabisi wa muda mrefu kwa karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi. Hakuna sababu ya kimaumbile ya kudhani kwamba njia ya kale ya misafara imesamehewa.

Chakula nacho kimebadilika. Unyamwezi wa mtama, uwele, kunde, njugu mawe na viazi vitamu haujatoweka. Michembe na matobolwa bado huanikwa, na mlenda bado hupikwa. Lakini sembe nyeupe, iliyokobolewa hadi ganda na kiini vikatoka, imeshika meza nyingi, na chapati na mkate wa asubuhi vimeshika zilizobaki. Gunia la mahindi likisagwa bila kukobolewa likawa dona, nyuzinyuzi hubaki humo. Likikobolewa, huenda kwa mifugo kama pumba. Ng'ombe, katika jambo hili, hula vizuri kuliko mwenye zizi.

Hata hivyo, hapa ndipo watumishi wengi wa afya hukosea kwa nia njema. Mgonjwa akieleza shida yake, huambiwa ale mboga, anywe maji, aende. Wapo wanaokula dona na kisamvu kila siku, wanaolima tumbaku tangu alfajiri, wanaokunywa maji ya kutosha, na bado tumbo halifunguki. Kwa mwenye utumbo wa mwendo wa polepole au nyonga inayokaza, nyuzinyuzi nyingi za ghafla humwongezea gesi na kuvimba. Kumrudia na ushauri uleule kwa mara ya tatu ni kumwambia kwamba kosa ni lake. Mtu wa namna hiyo hatarudi, ataenda kwingine.

Kwingine ni wapi

Kiswahili kimeliweka jambo hili katika kitenzi kimoja chenye hatari. Choo kimefunga, na anayesikia huuliza, kimefungwa na nani? Kwa baadhi ya wagonjwa wa mkoa huu na mikoa jirani, tumbo lisilofunguka kwa miezi ni ishara ya kufungwa na mtu mwenye kijicho, na tiba yake huwa ya kufungua kwa nguvu. Hunyweshwa mizizi mikali, au huingiziwa maji ya sabuni au ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa. Wengine hawahitaji mganga. Hununua vidonge dukani, au dawa za kusafisha tumbo zinazotangazwa redioni na stendi, wakaendesha mpaka walegee.

Madhara yake hufika wodini: upungufu wa maji, potasiamu iliyoshuka hadi moyo ukapoteza mpigo, figo zilizoumia, ngozi laini ya puru iliyounguzwa na sabuni, na, kwa watoto wachanga hasa, vifo. Lakini ipo athari ndogo zaidi, isiyompeleka mtu wodini, nayo ndiyo inayoufanya uyabisi wa mwaka mmoja kuwa wa miaka kumi. Inafaa ielezwe taratibu, kwa sababu mgonjwa akiielewa, nusu ya tiba imekwisha.

Dawa kali ya kuendesha hutoa kila kilichomo katika utumbo mpana, ikiwa ni pamoja na kile ambacho kingetoka kesho na kesho kutwa. Utumbo uliobaki mtupu huhitaji siku mbili, tatu, hata nne kujaa tena kiasi cha kuleta haja. Katika siku hizo mtu hapati choo, na hapaswi kukipata: hakuna cha kutoka. Lakini yeye huhesabu. Siku ya pili anaingiwa na wasiwasi, siku ya tatu anasema tumbo limefunga tena, na anakunywa dawa ileile, pengine kwa kipimo kikubwa zaidi. Mzunguko unaanza upya. Mgonjwa anaapa kwamba hawezi kupata choo bila dawa, na kwa ushahidi wa macho yake anasema kweli. Kinachomponza ni dozi kubwa ya mara mojamoja. Ndiyo maana tiba ya leo imeelekea upande wa pili: kipimo kidogo, kila siku, kwa majuma mengi, mpaka utumbo upate mwendo wake.

Saa, mkao na mahali

Kabla ya dawa kuna saa. Chakula kinapoingia tumboni, hasa cha kwanza asubuhi, utumbo mpana hujibu kwa kusukuma vilivyomo. Msukumo huo hudumu kitambo kifupi, na mwenye uyabisi anapaswa kuutegea kama abiria anavyotegea treni. Anywe uji au chai, kisha dakika 15 au 20 baadaye aende chooni, akae dakika tano hadi kumi, asizidishe, asijikamue. Kitu kisipotoka, ainuke bila huzuni na arudi kesho saa ileile. Utumbo hujifunza ratiba. Huchukua majuma kadhaa.

Mkao una maana kubwa, na hapa choo cha kuchuchumaa kinaushinda ule wa kukalia. Mtu akichuchumaa, pembe kati ya puru na mlango wake hunyooka na njia hufunguka. Wanaohamia nyumba zenye choo cha kukalia waweke kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, na mwili uinamie mbele kidogo. Gharama yake ni ya fundi seremala wa mtaani.

Mahali ni gumu zaidi. Mtu akibana haja, puru hutanuka na kunyamaza. Akibana kila siku kwa miaka, halimwiti tena kwa sauti. Mwanafunzi wa kike ambaye choo cha shule hakina mlango hubana. Mama ambaye choo cha kaya kiko mbali na gizani hubana. Na njia ya kale ya misafara, ambayo reli ya kati iliifuata na kufika Tabora mwaka 1912, leo ina ndugu yake wa lami anayepita Igunga na Nzega kuelekea Isaka na mpaka wa Rusumo. Dereva wa lori anayelala usukani, anayekula chipsi saa sita usiku na kunywa maji kidogo ili asisimame, ni mgonjwa wa kutarajiwa, na kondakta wake pia. Kwao ushauri wa saa ya asubuhi haufai bila kutafuta kwanza kituo kimoja cha kudumu chenye choo safi, na kukifanya kituo cha kifungua kinywa.

Chakula kiongezwe polepole. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Anayebadili sembe kuwa dona, akaongeza kikombe cha maharage au kunde na tunda moja, amesogea sana. Afanye hivyo kwa kupanda ngazi, juma hata juma. Maji yatoshe, hasa katika kiangazi kirefu cha Tabora kuanzia Mei hadi Oktoba, wakati mkojo wa wakulima huwa na rangi ya chai. Lakini maji ya ziada kwa mtu ambaye hana kiu wala upungufu hayafungui choo, na lita tano kwa siku ni adhabu isiyo na sababu.

Miembe iliyopandwa na misafara, ambayo hadi leo huipa Tabora kivuli chake, ina neno lake pia. Utafiti mdogo uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, na kuchapishwa 2018, uliwapa watu wazima wenye uyabisi gramu 300 za embe kila siku kwa majuma manne, na wengine nyuzinyuzi za unga za kiasi kilekile. Wote walipata nafuu, waliokula embe zaidi. Watu 36 ni wachache mno kujenga juu yao sheria, na mwenye kisukari ahesabu sukari yake. Ila msimu wa maembe ukifika, hakuna dawa ya bei nafuu zaidi. Papai na ukwaju navyo hutumika tangu zamani, na havina ubaya.

Dawa bila aibu

Inapobidi dawa, na mara nyingi hubidi, zianzwe zile zinazovuta maji ndani ya utumbo. Makrogoli ndiyo yenye ushahidi bora; mwongozo wa pamoja wa vyama viwili vya Marekani vya madaktari wa tumbo, wa mwaka 2023, uliipa pendekezo lenye nguvu. Isipopatikana, laktulosi hufanya kazi, mililita 15 mara moja au mbili kwa siku, ikiongezwa kadiri inavyohitajika. Huleta gesi siku za mwanzo. Chumvi za magnesiamu, yaani jamaa ya haluli ya wazee, husaidia kwa kipimo kidogo lakini hazimfai mwenye ugonjwa wa figo.

Zisipotosha, huongezwa dawa ya kuamsha utumbo: bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku, au sanamaki iliyopimwa kiwandani. Hofu kwamba dawa hizi huua utumbo na kumfanya mtu mtumwa imetiwa chumvi. Ushahidi wa madhara ya kudumu kwa vipimo vya kawaida ni dhaifu. Tofauti ya sanamaki ya kidonge na ile ya kuchemsha ni kipimo, maana majani ya gulioni hayana idadi ya miligramu. Mgonjwa anayeyaamini asidharauliwe. Aambiwe kwamba dawa ni ileile, ila hii inahesabika.

Kwa kundi la nyonga inayokaza, dawa hizi husaidia nusu tu. Hapa kidole cha tabibu chenye glavu hufanya kazi ambayo picha ya eksirei haiwezi. Mgonjwa, baada ya kuelezwa na kuridhia, na akiwepo mtu wa kumsindikiza, huombwa asukume kama aliye chooni. Ikiwa mlango unakibana kidole badala ya kukiachia, jibu limepatikana. Tiba yake ni mafunzo: kupumua kwa tumbo, kulegeza taya na mabega, kusukuma kwa kiuno huku mlango ukiachwa. Mahali penye vifaa mgonjwa huona mkazo wa misuli yake kwenye skrini. Mahali pasipo navyo, mtaalamu wa viungo mwenye subira hufika mbali.

Zipo dalili ambazo hazingoji mafunzo wala embe. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, uvimbe unaoshikika tumboni, uyabisi ulioanza ghafla kwa mtu aliyepita miaka 50, au ndugu wa karibu aliyepata saratani ya utumbo mpana: mgonjwa huyu apewe rufaa, Kitete kwanza, na ikihitajika kipimo cha kamera ya utumbo, Bugando mjini Mwanza. Damu ya mtu wa umri huo isiitwe bawasiri mpaka ipimwe; bawasiri na saratani huweza kuishi nyumba moja. Na anayevimba tumbo kwa ghafla, akatapika, asipitishe choo wala hewa, hana uyabisi. Huenda utumbo wake umejisokota, jambo lisilo nadra Afrika Mashariki, na kila saa anayopoteza kwa dawa ya kuendesha humsogeza karibu na kupasuka kwa utumbo. Huyo ni wa meza ya upasuaji usiku uleule.

Wengine wote warudi baada ya majuma manne, wakiwa na daftari. Safu tatu zinatosha: siku, umbo la choo, na kama alijikamua au la. Kwa umbo ipo michoro saba inayotumika duniani, iliyotungwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa 1997, kuanzia vipande vigumu hadi maji matupu. Asiyejua kusoma huonyesha kwa kidole. Daftari humwonyesha mgonjwa kitu ambacho kumbukumbu humficha, kwamba juma la nne alikwenda mara tatu na juma la kwanza mara moja. Akifika mara tatu bila kujikamua, kipimo cha dawa hubaki hapohapo miezi miwili au mitatu, kisha hupunguzwa kidogokidogo. Choo kikikaza tena, kipimo hurudishwa kilipokuwa, bila kumlaumu mtu. Wapo watakaoitumia kwa miaka, kama mwingine anavyotumia dawa ya shinikizo la damu, na karani wa dirisha la dawa hana sababu ya kuwauliza kwa sauti, mbele ya foleni, bado hawajapona.